Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na vyuo vya Nyanda za Juu Kusini: pampu isiwashwe kabla fundi wa maabara hajaridhika

Kwa wakuu wa shule za sekondari, wakuu wa vyuo, maofisa elimu na wathibiti ubora wa shule wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa.

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Mbeya, na ninalowaandikia ni jambo moja. Katika shule na vyuo vyetu, chemba za ombwe, yaani vyombo vinavyotolewa hewa ya ndani, zinawashiwa pampu bila kuandaliwa. Zinawashwa hivyo kwa sababu maandalizi hayana nafasi kwenye ratiba, hayana fungu kwenye bajeti, na anayeyafanya hana sauti mbele ya anayesubiri onyesho. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwenu, si mwangu. Ndiyo maana nimeona niwaandikie hadharani, maana ya chini chini nimeshayasema.

Onyesho lenyewe wengi wenu mnalijua. Mtungi wa kioo unawekwa juu ya sahani ya chuma, ndani yake kuna kengele ya umeme inalia. Pampu inawashwa, sauti inafifia, inafifia tena, mwisho inakaribia kupotea kabisa huku kinyundo kikionekana bado kinagonga. Sijaona njia nyingine ya kumfanya mwanafunzi aamini moja kwa moja kwamba sauti haisafiri pasipo hewa. Vyuoni kuna chemba za chuma zenye mlango na kidirisha: za kukaushia sampuli za vyakula, za kutoa mapovu kwenye gundi, za kupaka tabaka jembamba la metali juu ya kioo. Nazipenda kazi hizi na sitaki hata moja ifutwe. Mkuu wa shule atakayesoma barua hii kisha akafungia pampu stoo atakuwa hajanielewa.

Nianze na uzito, kwa kuwa hauonekani. Usawa wa bahari, hewa inakandamiza kila kitu kwa kanieneo (nguvu kwa kila eneo) ya paskali 101,325. Hapa Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, na kanieneo imeshuka hadi paskali 82,000 hivi. Njombe, walio juu zaidi yetu, ni chini ya hapo. Sasa chukueni mfuniko wa chemba wenye upana wa sentimita 30. Hewa ya ndani ikishatolewa, ile ya nje inaukandamiza kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 600. Ni magunia sita ya mahindi, yale ya kilo mia mia, yamepangwa juu ya kitu ambacho mtoto ameinamia kuchungulia. Dar es Salaam yangekuwa saba na kidogo. Kuishi milimani kumetupunguzia gunia moja na kitu, basi.

Na uzito huo hausubiri ombwe zuri. Hapa hata walimu wazuri wa fizikia hupitiwa. Pampu ikishatoa nusu ya hewa, nusu ya magunia imeshapanda. Kati ya chemba ya shule iliyoishia paskali 1,000 kwa pampu iliyochoka na chemba ya utafiti iliyofika chini kabisa ya paskali moja, tofauti ya mzigo unaobebwa na kuta ni kama asilimia moja tu. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Fundi, pampu yetu yenyewe dhaifu, haiwezi kuleta madhara." Pampu dhaifu inachelewa kufika, lakini inafika, na ikifika kioo kinabeba mzigo uleule.

Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani, aliyeunda pampu ya hewa katikati ya karne ya 17, alilijua hili mapema. Watu wanakumbuka nusu tufe zake mbili ambazo farasi walishindwa kuzitenganisha. Kabla ya hapo alijaribu kutoa hewa kwenye tufe la shaba, nalo likabonyea ghafla kwa kishindo kilichowatisha waliokuwepo. Alihisi kwamba fundi aliyelifua hakulifanya kuwa duara kamili. Kasoro ya umbo, ya kupuuzwa kwa macho, ndiyo iliyoamua. Shaba ilibonyea ikabaki pale. Kioo hakibonyei. Kioo kikishindwa, vipande vinarushwa kwenda ndani, vinapishana katikati na kutokea upande wa pili kwa kasi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesogezwa upande wa mbali na ufa hajakingwa na chochote.

Niseme sasa kuhusu kioo chenyewe, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo.

Mtungi wenye ufa wa wazi haunitishi sana, kwa sababu kila mtu atauweka kando. Ninaouogopa ni ule unaoonekana mzima. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza Alan Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile ambayo maumbile yake yangeweza kuhimili: mikwaruzo midogo ya usoni hukusanya nguvu kwenye ncha zake. Baada yake imefahamika pia kwamba unyevu wa kawaida wa hewani ukifika kwenye ncha hiyo, mkwaruzo huendelea kurefuka taratibu muda wote kioo kikiwa kimebeba mzigo. Maana yake kwetu ni nzito. Mtungi uliovumilia mwaka jana haujathibitisha lolote kuhusu leo. Na mtungi uliovumilia dakika tano unaweza kupasuka dakika ya sita, wakati watoto wameshasogea karibu kwa kuwa wameona hakuna kilichotokea.

Ukaguzi wenyewe uko hivi, mje muuone msije mkadhani naomba anasa. Naosha mtungi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nausuuza, nauacha ukauke wenyewe. Nafunga mapazia. Nawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa kioo, mwanga upite sambamba na uso wake badala ya kuukabili. Mkwaruzo ambao mchana usingeuona unajitokeza, mstari mweupe mwembamba. Napitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, mtungi huo haukai tena juu ya pampu. Naugeuza niangalie ukingo wa chini, ule uliosagwa unaokalia sahani, maana ndio watu wanauburuza mezani. Kipande kilichomeguka hapo hata cha milimita mbili kinatosha kuukataa. Natazama shingo ya kirungu cha kushikia, pale kinapoungana na mwili, kisha natafuta povu lililofungiwa ndani ya kioo. Ukifanya kwa haki, ni nusu saa kwa mtungi mmoja.

Na ukikataliwa, umekataliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini ufa wa kioo hauzibwi kwa gundi yoyote ya dukani. Ule mkanda wa plastiki tunaouzungushia mtungi ni wa kuzuia vipande visitawanyike. Hauongezi nguvu hata kidogo. Mtungi uliokataliwa upigwe rangi nyekundu na utoke chumbani siku hiyohiyo. Ukibaki kabatini kwa sababu "ni mali ya serikali, haijafutwa kwenye leja", mwalimu mpya ataukuta muhula ujao na kuutumia kwa nia njema kabisa. Ndugu zangu wa manunuzi na ugavi, utaratibu wa kufuta kioo kibovu kwenye leja unaweza kurahisishwa. Ni ninyi wa kuurahisisha.

Nimekuta pia chupa za asali, majagi ya kioo, na zile chupa za kemia zenye kitako bapa na ukuta mwembamba zikiunganishwa na pampu. Hizo hazikutengenezwa kwa kazi hii. Chupa ya kuchujia, ile nene yenye pua ubavuni, ndiyo iliyotengenezwa kuvutwa, na hata hiyo hukaguliwa vilevile.

Wengine wamehamia kwenye pespeksi nene, plastiki angavu kama kioo, ambayo mafundi wa mabango wa Mwanjelwa hapa Mbeya wanaweza kukukatia. Inafanya kazi ikiwa nene vya kutosha na ukubwa wake umepigiwa hesabu na mtu anayejua. Lakini msiruhusu isafishwe kwa spiriti wala asetoni. Vimiminika hivyo huzalisha nyufa nyembamba nyingi ndani ya plastiki hiyo, hasa pale ilipokwisha kukazwa kwa bolti, na nyufa hizo ndizo zitakazofunguka siku ya mzigo. Maji na sabuni vinatosha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ni kawaida yetu maabara kufuta kila kitu kwa spiriti tukiamini tumefanya usafi wa hali ya juu.

Siku moja nilikwenda kusaidia shule ambayo sitaitaja. Mgeni rasmi alikuwa anatarajiwa na onyesho la kengele lilikuwa kwenye ratiba yake. Mtungi uliletwa kutoka stoo umefungwa kwa magazeti. Nilipoulazia tochi niliona mkwaruzo uliopinda, karibu nusu ya kiganja kwa urefu, juu kidogo ya ukingo. Nikasema huu hapana. Nikaambiwa mgeni ameshafika Kabwe, na kwamba mtungi huo umetumika miaka yote. Nikasema tena hapana. Basi nikaombwa nipishe, mwalimu mwingine akawasha. Mgeni alikuwa bado mlangoni anasalimiana na wajumbe wa bodi mtungi ulipopasuka. Binti aliyepewa kazi ya kushika saa alikatwa na kipande cha kioo mkononi, juu ya kifundo, akaenda kushonwa hospitali. Jicho lake lilisalimika kwa sababu alikuwa amegeuka kumtazama mgeni. Miwani ya kinga haikuwepo chumbani, hata moja.

Jioni ile nilisikia watu wazima, watu ninaowaheshimu, wakisema ajali haina kinga. Nakataa kabisa. Ile ilikuwa na kinga, tena ilitajwa kwa sauti dakika kumi kabla. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema, "Fundi amekataa, tuonyesheni kitu kingine." Muhula uliofuata shule iliagiza mtungi mpya. Kikinga cha kuweka kati ya mtungi na wanafunzi hakikuagizwa.

Kuna kosa lingine ambalo ni la kwetu hasa, sisi wa nyanda za juu. Geji nyingi za bei nafuu, vile vipimo vya kanieneo vyenye mshale, huanzia sifuri kwenye hewa ya chumbani, na mwisho wake umeandikwa −1 ba, au inchi 30 za zebaki, kwa kufuata usawa wa bahari. Hapa Mbeya mshale hauwezi kupita −0.82 hivi, sawa na inchi kama 24. Hata pampu itoke kwenye boksi leo asubuhi. Hakuna hewa nyingine ya kutoa zaidi ya hiyo. Asiyejua hili anaona mshale umegoma kabla ya mwisho na kuamua kuna mahali panavuja. Anakaza bolti. Anakaza tena. Nimeshuhudia kidirisha cha kioo kikikazwa upande mmoja mpaka kikatoa mlio, kwa kufukuzia hiyo sehemu ya geji ambayo kwenye mwinuko huu haifikiki. Kumbe chemba ilikuwa imeshafika mwisho wake zamani, na kioo kilikuwa kimebeba mzigo wote pamoja na ule wa spana.

Dawa yake ni ya bei ya kichupa cha rangi ya kucha. Pigeni mstari mwekundu kwenye uso wa geji pale ombwe linapoishia kwa mwinuko wenu: Mbeya pake, Iringa pake, Njombe pake. Vyuo vyenye uwezo vinunue geji inayopima kanieneo kamili, isiyotegemea hewa ya chumbani. Bolti zenyewe zikazwe kwa vidole kwanza, kisha kwa spana kidogo kidogo kwa kuvuka, ya huku na ya ng'ambo yake, na kati ya kioo na chuma kuwe na raba siku zote. Kioo kisiguse chuma.

Sehemu ya kuzibia inahitaji macho zaidi kuliko nguvu. Unyoya mmoja wa kitambaa au mchanga wa Agosti ukilala juu ya oringi, ile pete ya raba ya kuzibia, chemba itavuja na utapoteza asubuhi nzima. Oringi itolewe, ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ivutwe taratibu kwa vidole kutafuta mipasuko, ikiwa imekakamaa ibadilishwe. Grisi maalumu ya ombwe iwe kidogo tu, mpaka raba ing'ae. Ikizidi inakamata vumbi. Mfereji wa oringi usikwanguliwe kwa bisibisi: mkwaruzo mmoja unaokatiza mfereji ni njia ya hewa ya kudumu. Silikoni ya kuzibia madirisha isikaribie hapo. Ndani ya chemba tushike vitu kwa glovu safi, kwa maana mafuta ya vidole nayo huachia mvuke kwa muda mrefu.

Maji ndiyo yanayotusumbua zaidi kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili. Tone moja tu, gramu 0.05 hivi, likigeuka mvuke kwenye paskali 100 linajaza karibu lita 70, wakati chemba nzima pengine ni lita 20. Pampu inahangaika, mshale haushuki, na mtu anaanza tena kukaza bolti. Mvuke huo unaingia kwenye oili ya pampu na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo chemba iliyooshwa ikauke kweli, ikiwezekana ilale usiku kucha ikiwa wazi mahali pakavu, na onyesho la kuchemsha maji bila moto lifanywe kwa mtego wa silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, kati ya chemba na pampu. Ukitaka kujua kama ni maji au ni tundu, funga valvu, zima pampu, uangalie geji: tundu huipandisha kwa mwendo uleule bila kupungua, mvuke huipandisha haraka mwanzoni kisha hupungua mwendo na kukaribia kusimama. Jaribio hilo lifanyike siku moja kabla, chemba ikiwa tupu, wanafunzi wakiwa madarasani.

Kila kinachoingizwa ndani kiulizwe kama kimefungia hewa au kimiminika. Chupa iliyozibwa, betri, simu, kapasita zenye kimiminika, hivyo vinaweza kuvimba au kupasuka hewa ya nje inapoondoka. Puto lawezekana, maana kila mtu anajua litafanya nini. Simu ya mwanafunzi hapana.

Kuhusu pampu nitapita haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa mafundi wa friji wa mjini wanaijua vizuri na mnaweza kuwaita. Oili iwe ya pampu za ombwe. Ya gari au ya bodaboda ina viungo vinavyotoa mvuke na kuharibu kazi. Kidirisha cha oili kisomwe kila mara kabla ya kuwasha. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu oili inakuwa nzito, hivyo pampu iwashwe peke yake kwanza, valvu ya kwenda kwenye chemba ikiwa imefungwa, ipate joto kwa robo saa. Mkanda uwe na kinga, tai na nywele ndefu vifungwe. Moshi wa oili utolewe dirishani kwa mpira. Petroli isitumike kusafishia kitu chochote kitakachoingia chemba, kwani mvuke wake utapitia pampuni na kutokea chumbani penye swichi na moto.

Umeme nao mnaujua. Ukikatika chemba ikiwa na ombwe, pampu isiyo na valvu ya kujifunga inaweza kurudisha oili mpaka ndani ya chemba, na umeme ukirudi pampu inajiwasha yenyewe huku mtu ameingiza mkono kwenye mkanda. Swichi isiyojiwasha inapatikana maduka ya vifaa vya umeme. Na kwenye vyuo vinavyorudisha hewa kwa mtungi wa gesi ya naitrojeni, wekeni valvu ya kupumulia, inayoachia gesi kanieneo ya ndani ikizidi. Kidirisha kilichojengwa kukandamizwa kutoka nje hakikujengwa kusukumwa kutoka ndani.

Sasa niseme ninachowaomba.

Naombeni muda. Kazi niliyoieleza ni ya asubuhi moja kwa maandalizi ya kwanza na ya kipindi kizima kwa kila onyesho linalofuata. Kwenye ratiba za shule nyingi fundi wa maabara, pale alipo, anapewa dakika za mapumziko ya chai. Miaka ya 2014 na 2015 wananchi wa kata zetu walichangishwa wajenge maabara za fizikia, kemia na biolojia. Akina mama walibeba mchanga na mawe. Kuta zile zilijengwa ili watoto wafanye majaribio kwa mikono, na majaribio yanataka saa za mtu wa kuyaandaa. Andikeni saa hizo kwenye ratiba, kwa jina la kazi yenyewe, zisimezwe na usimamizi wa mitihani wala usafi wa mazingira.

Naombeni fedha ndogo kabla ya fedha kubwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na kwenye makisio pampu huonekana kwa sababu ina bei ya kuonekana. Oringi za akiba, grisi, silika jeli, miwani ya kinga kwa kila aliyemo chumbani, na kikinga cha polikaboneti (plastiki angavu isiyovunjika kirahisi) cha kusimama mbele ya mtungi havionekani. Wekeni fungu lake kwenye matumizi mengineyo, na mzabuni asiruhusiwe kuleta pampu pasipo kuleta hivyo. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, nunueni kikinga na miwani mwaka huu. Pampu isubiri.

Naombeni vyuo vyetu vinavyoandaa walimu wa sayansi, na Iringa na Mbeya tunavyo vya kujivunia, vimfundishe mwalimu mtarajiwa kukagua mtungi kwa tochi kabla ya kumfundisha kuwasha pampu. Mwalimu kijana akifika shule isiyo na fundi, na ni nyingi, atakuwa yeye ndiye fundi. Nanyi wathibiti ubora, mnapoingia maabara ombeni kuona mtungi ukiwa umegeuzwa chini juu. Leja mmeshaikagua vya kutosha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeshaweka wajibu wa usalama wa mahali pa kazi juu ya mwajiri, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, upo kusimamia. Sihitaji kuwatishia nayo. Nawakumbusha tu kwamba mkuu wa taasisi akimsikiliza fundi anayekataa kuwasha pampu, anatimiza wajibu ambao tayari ni wake.

Na hili la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote, halihitaji bajeti. Pampu ya ombwe iwekewe swichi yenye kufuli. Ufunguo ukae kwa aliyekagua chemba siku hiyo, awe fundi au mwalimu. Ukutani kuwe na karatasi moja: tarehe, jina la aliyekagua, hali ya kioo, hali ya oringi, oili, geji ilipoishia kwenye jaribio tupu, sahihi. Karatasi ikiwa haijajazwa, ufunguo hautoki mfukoni. Usitoke kwa mwalimu wa taaluma, usitoke kwa mkuu wa shule, usitoke hata gari la mgeni rasmi likiwa limeshaingia getini. Na mkuu wa shule aseme hivyo mwenyewe mbele ya walimu wote kwenye kikao cha kufungua muhula, iandikwe kwenye muhtasari, ili siku nitakapokataa nisiwe nimekataa peke yangu.

Wenu katika kazi,

Fundi Sanifu Maabara,
Mbeya